Tano na Tano Zikawa Hamsini na Tano

Mama,

Shikamoo. Goti linasemaje? Au bado unabishana nalo? Mimi mzima. Baridi ya Kigali nimeizoea. Patrick ndiye sijamzoea.

Patrick ni kiongozi wetu kazini, kakulia Kampala, shati limepigwa pasi, kichwa kitupu. Tunaandika programu ya kukokotoa dozi za watoto kwa zahanati moja ya mtaa wa Gisimenti hapa Kigali. Tuna chombo kinachosoma programu kabla haijawashwa, kinasema: hapa panatakiwa namba, wewe umeleta maandishi. Kazi ya Patrick ilijaa alama nyekundu. Nilipomwambia, alicheka.

"Hiyo iko kelele tu. Programu si inatembea?"

Akakizima.

Alhamisi tukaenda kuwaonyesha watu wa zahanati. Muuguzi mkuu, Consolata, mama wa rika lako, akajaza: mililita tano asubuhi, tano jioni. Jumla ikatoka 55. Zile tano zilipokelewa kama maandishi, zikabandikwa ubavu kwa ubavu badala ya kujumlishwa. Wewe uliyegawa dawa wodini maisha yako yote, najua hapo umeshika kichwa.

"Mutoto iko na kilo tisa!" Consolata akasema. "Munataka nimuue?"

Patrick, bila haya: "Madamu, labda umeandika vibaya."

Nikaona aibu utadhani nimemzaa mimi. Nikavuta laptopu, nikawasha chombo mbele ya wote. Alama nyekundu ya kwanza ikaangukia mstari uleule wa kujumlisha dozi, na jina la mwandishi pembeni: Patrick. Consolata akamtazama kuanzia viatu hadi utosini kama mtu anayekagua nyama iliyolala. Kisha akanigeukia.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukakuja nayo hivyo hivyo?"

Nikaifunga laptopu.

Tumeandika upya wiki nzima. Chombo kimewashwa, na programu haipokewi mpaka nyekundu iishe. Patrick sasa anawaambia watu kwamba wazo lilikuwa lake. Mwache. Mtu wa namna hiyo hafai hata kuhesabu mbuzi.

Lakini laptopu ile, Mama, niliibeba mimi, kwa pikipiki toka ofisini kwetu Sonatubes hadi mlangoni kwa zahanati.

Nisalimie dada Rehema na wanawe, na baba mdogo fundi seremala. Baba mwambie nakula vizuri. Hili la dozi libaki letu.

Mwanao akupendaye,
Neema