Matundu ya Safu ya Chini

Jumatatu, 3 Februari
Niko Gesima tangu asubuhi, kwenye ujenzi wa hospitali ya wanyamapori. Ukuta wa wodi ya ndege umefika kifuani. Matofali ya saruji yamelazwa kwa ubavu, matundu yakitazama nje ili hewa ipite. Ndivyo nilivyochora. Mzee Nyangau, fundi mkuu, akainama kwenye safu ya chini. "Madam, hapa ndege si ataingiza mguu?" Nikamwambia afuate mchoro. Mbele ya vibarua wake. Ukuta unapendeza mno. Nimewatumia picha wote ofisini Kisii.

Jumatano, 26 Machi
Wagonjwa wa kwanza. Tumbili aliyegongwa na gari huko Masimba. Korongo taji mwenye bawa bovu. Daktari Kemunto, mwenye hospitali, anacheka peke yake. Nami najivuna.

Ijumaa, 28 Machi
Korongo aliingiza mguu kwenye tundu. Akashtuka, akajivuta. Mguu umevunjika mara mbili. Daktari yupo, dawa zipo, na bado hakuna la kufanya. Akamdunga sindano ya mwisho. Akalia.
Kisha akauliza nani aliacha matundu huko chini. Nikasema fundi hakusoma mchoro vizuri. Neno lilinitoka upesi hivyo. Mzee Nyangau, aliyekuwa hapo, akaokota mwiko wake. Ameambiwa asirudi.

Jumamosi, 29 Machi
Sabato. Sikusikia mahubiri. Mimi ni mwongo. Na mwoga.

Jumapili, 30 Machi
Nimeenda kwa Mzee Nyangau. Alikuwa shambani na mkewe, wanachuma majani chai. Nikaomba msamaha nikiwa nimesimama katikati ya michai kama mwizi. Hakuacha kuchuma.
"Mimi najua ukweli," akasema. "Kawaambie wale."
Mkewe hakunisalimia. Alikuwa na haki.

Jumatatu, 31 Machi
Nimewaambia wote. Daktari, vibarua, hata mpishi. Nikafungua mchoro, sahihi yangu hiyo hapo. Nikasema fundi alinionya.
Daktari akasema, "Ukuta ningekusamehe." Akanirudishia mchoro.
Nimeondolewa kwenye usimamizi. Nilitaka ardhi inimeze.

Alhamisi, 10 Aprili
Daktari mwenyewe alimfuata Mzee Nyangau. Sasa msimamizi ni yeye. Nimempelekea michoro mipya, safu ya chini haina matundu. Akaitandaza juu ya wilbaro, akaisoma polepole. Akauliza maswali mawili. Nikajibu. Nikasubiri kidogo, labda ataongeza neno.
Mvua ikaanza. Akaikunja michoro, akaiweka ndani ya koti isilowe. Nikashuka hadi barabarani.