Mashine ya Bi Zuhura

Jumatatu, 15 Oktoba 1956

Jambo hili sijamwambia mtu. Jana nilisaga nyama ya nguruwe mwitu kwa mashine ya Bi Zuhura.

Mjomba aliileta kutoka Maramba alipokuja kumchukua Mama. Dada yake Mama amejifungua, kwa hiyo Mama atakaa huko juma zima. Jiko ni langu. Baba aling'olewa magego mawili na hawezi kutafuna, ndiyo maana Bi Zuhura, jirani yetu wa ua mmoja, alituazima mashine yake ya kusagia nyama. Nyama ya Mjomba ilikuwa ngumu. Mashine ilikuwa mezani. Sikufikiri. Baba alisema tu nifunge mlango, harufu isiwafikie majirani. Katika ua huu Wakristo ni sisi peke yetu.

Niliiosha kwa sabuni na maji ya moto, mara tatu. Inang'aa.

Leo nyama ya ng'ombe. Natoka shule saa tisa na nusu, Baba anaondoka kwenda zamu bandarini saa kumi na mbili. Lazima nifanye haraka. Kitunguu, nyama ya kusaga, pilipili hoho vipande vyembamba, moto mkali, limau mwishoni. Chapati nilizipika alfajiri. Nilimviringishia nyama ndani yake, akala kwa upande mmoja wa kinywa. Tatu! Nimefurahi kupita kiasi.

Jumanne, 16 Oktoba

Rukia alichelewa shule. Ni mjukuu wa Bi Zuhura, tunasoma darasa moja. Mbwa alilamba beseni lao, ikabidi alioshe.

"Mara saba, mwenzangu! Na moja kwa udongo. Tazama kucha zangu, kama mfinyanzi."

Nikamwuliza, kama natania, ingekuwa nguruwe je?

"Hivyo hivyo. Lakini nguruwe atapitia wapi kwetu? Wewe Marta na maswali yako ya vitabuni!"

Alicheka. Kumbe sabuni si kitu. Kumbe hata nyama ya ng'ombe niliyoisaga jana imepita humo humo, na ya leo pia nimeisaga humo. Bi Zuhura akiichukua mashine kama ilivyo, atalisha watu najisi bila kujua. Mimi najua.

Vitunguu viliungua.

Jumatano, 17 Oktoba

Nilimwambia Baba wakati anavaa viatu. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Chuma hakinywi kitu," alisema. "Umekiosha, kimetakata. Mama yako alipougua, nani alilala naye? Unataka kuuvunja ujirani kwa mdomo wako? Nyamaza."

Nimefikiri. Baba anasema kweli kuhusu ujirani. Kuhusu chuma, si sisi wa kuamua. Chombo si chetu.

Nikaandika maneno ya kusema nyuma ya daftari la hesabu. Nikayafuta. Nikaandika tena, mafupi zaidi. Nikaifunika mashine kwa kanga nikavuka ua.

Nyumba ilijaa wanawake wanaomenya vitunguu saumu. Jumamosi Bi Zuhura anasomesha maulidi. Nilisema shikamoo zote, nikasahau yaliyobaki.

"Marta, nasikia siku hizi u mpishi!" mmoja akasema. "Baba yako kanenepa. Mama akirudi atakuta hana kazi!"

"Mwacheni mtoto wa watu," Bi Zuhura akasema. "Mashine kaa nayo, mwanangu, baba yako ale. Nitaitaka Ijumaa asubuhi, nina sambusa za watu sitini."

Nikarudi nayo. Mimi ni mwoga. Neno hili naliandika hapa ili nilisome kesho.

Chakula kilikuwa tayari kwa wakati. Nyama niliikata kwa kisu. Sitaitumia tena mashine ile.

Alhamisi, 18 Oktoba

Nimesema.

Niliamka kabla ya jogoo wa pili. Bi Zuhura huchota maji baada ya sala ya alfajiri, akiwa peke yake. Nilisimama karibu na bomba, mashine mikononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Una nini, mbona umekauka hivyo?"

Nikasema yale ya daftari. Jumapili nilisaga nguruwe kwa mashine yako. Sikujua kama sabuni haitoshi. Sasa najua.

Ndoo ilijaa ikamwagika. Hakufunga bomba.

"Baba yako anajua?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ungenyamaza nisingejua."

"Ndiyo, Bibi."

Akafunga bomba. Halafu akasema, "Kachote udongo, pale penye migomba. Safi, usio na majani."

Tuliifungua mashine yote, mpini, parafujo, kisu, sahani yenye matundu. Aliniagiza niukoroge udongo na maji, nisugue kila kipande. Hiyo moja. Kisha maji matupu. Yeye alimimina na kuhesabu, mimi nikasugua. Mbili. Tatu. Hadi saba. Mabeseni na vyombo vyetu hakuvitaja. Akaifunga kwenye kitambaa, akaingia nayo ndani.

Sijui kama amenisamehe. Hakuniambia "mwanangu" hata mara moja.

Jioni nilikata nyama kwa kisu tena. Vipande vikubwa na vidogo. Baba alitafuna polepole. Nikamwambia nimesema. Akamaliza chapati kwanza.

"Haya," akasema. "Chumvi imezidi."

Ijumaa, 19 Oktoba

Rukia hakunipitia kwenda shule. Nilitembea peke yangu.

Kabla ya hapo, asubuhi, nilimwona kaka yake akishusha kwenye baiskeli mashine nyingine, imeazimwa kwa shangazi yao wa mtaa wa Nguvumali. Nilisimama dirishani mpaka akaiingiza ndani. Inauma. Lakini ni haki yao. Watu sitini watakula bila shaka moyoni. Nilichokuwa nakitaka ni hicho.

Nyama, hoho, limau, chapati. Nusu saa. Sikuunguza kitu.

Jumamosi, 20 Oktoba

Maulidi. Sauti zinakuja juu ya ukuta wa ua. Kila mwaka sisi pia huitwa. Safari hii hakuna aliyekuja kutuita.

Jumapili, 21 Oktoba

Mama amerudi na kapu la machungwa. Nilimweleza yote kabla hajavua viatu. Alisema tu, "Wewe ambaye hata shikamoo tulikuwa tunakuvuta uitoe!"

Alasiri Rukia alibisha hodi, ana sahani iliyofunikwa. Sambusa nane.

"Bibi kasema pole, jana miguu yake ilimwuma, akasahau kutuma mtu. Mimi naona hakusahau, alikuwa amenuna." Akacheka kidogo. "Ya Nguvumali ilikuwa butu, Marta, imetafuna nyama kama babu. Ijumaa hiyo hiyo Bibi akaitoa ya kwetu. Akawaambia wote, hii imeoshwa mara saba mbele ya macho yangu."

Kisha akaondoka, ana vyombo vya kuosha.

Tulikula. Baba alikula tatu kwa upande mmoja wa kinywa.

Sahani ya jirani hairudi tupu. Mama alitaka kuweka nyama yetu iliyobaki, nikamwomba asiweke, sufuria yetu ni ile ile ya nguruwe. Nikaiosha sahani. Nikaifuta. Nikapanga machungwa sita, hayajamenywa, kila moja na ganda lake zima. Nikavuka ua, nikabisha hodi.