Mguu wa Bibi, Mwalimu Kisigino

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuacha, na bado mtu akifungulia redio tunanyoosha mgongo upesi, tusije tukakemewa. "Kisigino chini!" ulikuwa ukipaza sauti, hadi wanafunzi wakakubatiza Mwalimu Kisigino.

Ulianza na rumba. Rumba ikakupeleka kwenye salsa, salsa kwenye tango, mwisho ukajitia kwenye bale, ukisimama kwenye ncha za vidole pamoja na watoto wa rika la wajukuu zako. Baba alikutania: "Mke wangu ana wapenzi wengi, na wote ni ngoma." Ulicheka, ukamkanyaga kusudi.

Lakini kitu kimoja kilikunyima raha. Ngoma ya bibi yako, iliyokulea, ilikuwa imebaki kwa watu wawili tu: wewe na shangazi yako, naye umri ulishamtupa mkono. "Tukifa nayo, tumeizika wenyewe," ulisema. Ukaanza kuifundisha.

Siku ya kuionyesha, ukumbi ulifurika. Ngoma imekolea, shangazi yako akasimama. "Hebu acheni! Mguu huo siyo! Nani kawafundisha kuanza na wa kushoto?"

Tulitamani ardhi itumeze. Wewe ulijishika kiuno ukacheka mpaka machozi. Utotoni ulijifunza ukiwa umemkabili bibi yako. Mguu wake wa kulia ukauona upande wako wa kushoto, ukauchukua hivyo hivyo, ukaurithisha darasa zima!

Mwingine angejifanya hasikii. Wewe ulivua viatu, ukampandisha shangazi yako jukwaani, ukasimama nyuma yake, ukajifunza upya mbele ya kadamnasi. Ukumbi mzima uliinuka kwa vifijo. Tulijivuna, Mama, na mpaka leo tunatamba.

Wiki iliyopita wanafunzi wako waliicheza bila wewe, dada yetu mkubwa akiongoza. Shangazi yako alikaa mstari wa mbele, macho kwenye miguu yao, akitafuta kosa. Ngoma ikaisha. Tukamgeukia wote.

"Mnanikodolea macho ya nini?" akasema. "Sina la kusahihisha. Sasa hata mimi nikiondoka, ngoma inabaki."

Umeshinda, Mama.

Unakumbukwa na mumeo, sisi wanao, wakwe na wajukuu zako, shangazi yako, na wanafunzi wako wote. Hatutakusahau maadamu miguu ingali inatubeba.