Shosho Amekuja Alhamisi

Gatitu, Alhamisi, Julai 1996

Ati leo ndiyo amekuja Shosho, nyanya ya mtoto wangu, mama mkwe, na tulikubaliana Jumatatu. Jumatatu nilikuwa narudi kazini kushona nguo, na yeye ndiye angebaki na mtoto. Nilimngoja mpaka saa nne, mtoto mgongoni. Fundi mwenye duka alinisamehe, lakini akasema hatasamehe mara ya pili.

Leo akaingia kutoka Mukurweini na ndizi mbivu, bila neno hata moja juu ya Jumatatu.

"Nimekuja kujiona," akasema, akamchukua mtoto, Wangui wangu, aliyepewa jina lake. "Ona vile nimenona."

Nilikuwa nimepanga maneno makali. Nikacheka.

Halafu nikamwambia, "Mama, nimepata msichana wa kushika mtoto. Ataanza wiki ijayo."

Akauliza, "Na mimi?"

"Wewe ukuje siku yoyote roho inakwambia. Hapa ni kwako."

Niliogopa atakasirika. Akamenya ndizi, akanipa mimi kwanza.

Nimemwomba Mungu miezi mingi amrekebishe, awe mtu wa saa. Leo nimeomba tu moyo wa kumpokea alivyo, kwa maana Mungu alimuumba bila kuniuliza. Kuegemeza kazi yangu kwake, hapana. Kumpenda, hiyo nitaweza.

Amelala kitandani kwetu na Wangui, na mume wangu Mwangi amejikunja kwa kochi. Mama hajasema ataondoka lini. Mimi sijamuuliza.