Ng'ombe Walionisomesha

Itaka, Mbozi
6 Machi 1977

Kwa mdogo wangu Zebedayo,

Mama anakusalimu sana. Hajambo, ni mgongo tu unaomsumbua wakati huu wa palizi. Wewe na wifi yangu je, mnaendeleaje huko Shinyanga? Ujauzito haumsumbui?

Mimi si mzima, sitakudanganya. Niko kwa mama tangu mwezi uliopita. Fanueli alinipiga kwa mpini wa jembe hadi mkono wa kushoto ukavunjika, na safari hii sirudi kwake. Wazee wa baraza wametusikiliza. Wamesema kosa ni lake, lakini mahari ni mahari: ng'ombe wake wanne warudi ndipo niwe huru. Wasiporudi hadi kahawa ianze kuiva, nirudi kwa mume.

Ng'ombe hao unawajua. Baba aliwauza mnadani ili wewe uende sekondari, akaniambia ukiwa umesimama pale pale, "Zebedayo akipata kazi atawarudisha." Baba ametutoka, na wewe kazi umepata. Sijawahi kukudai. Leo nakudai.

Dada yako,
Enesi

Shinyanga
29 Machi 1977

Dada Enesi,

Shikamoo, na mama naye mpe shikamoo yangu. Sisi wazima. Barua yako imeniliza. Pole sana, dada yangu.

Deni silikatai. Lakini bwana mifugo mimi nachanja maelfu ya ng'ombe wa watu, na wangu sina hata ndama. Mke wangu atajifungua Juni, na akiba yote iliishia kwenye harusi. Ofisini nimeomba mkopo, wamesema nisubiri mwaka wa fedha ujao. Naweza kulipa ng'ombe mmoja kila mwaka. Au tungoje nipandishwe cheo, nilipe wote kwa pamoja. Kuahirisha si kukataa. Nimeona nimwandikie Fanueli mwenyewe, tuelewane kiume.

Mdogo wako,
Zebedayo

Itaka
17 Aprili 1977

Zebedayo,

Salamu. Mkono unaunga.

Usimwandikie Fanueli! Kama barua bado iko mfukoni, ichane. Wewe hudaiwi na Fanueli, unadaiwa na mimi. Ng'ombe waliokusomesha walitolewa kwa ajili yangu. Ukitaka muda, niombe mimi, na mimi muda wa kukupa sina. Kahawa imeshaanza kubadilika rangi kwa jirani.

Uza chochote. Azima kwa wenzako. Haraka.

Dada yako,
Enesi

Shinyanga
8 Mei 1977

Dada Enesi,

Shikamoo. Natumaini mkono umepona. Barua yako ilinikuta nimeshamwandikia shemeji, na usinikasirikie, maana mambo yamekuwa mazuri. Amejibu kiungwana kuliko nilivyotegemea. Amenipa miaka miwili kamili, na hataki hata ndama wa nyongeza! Sharti lake ni moja tu, kwamba katika muda huo ukae nyumbani kwake. Ameapa hatakugusa tena. Nimetia sahihi na kumrudishia karatasi, awaonyeshe wazee.

Nimepumua, dada. Nilikuwa silali. Vumilia kidogo, miaka miwili si mingi.

Mdogo wako,
Zebedayo

Kwa Fanueli
30 Mei 1977

Zebedayo,

Salamu kwa wifi.

Wazee walisoma karatasi yako kwa sauti, wakaniambia, "Ndugu yako msomi amekubali, wewe unabisha nini?" Nikafunga nguo zangu. Mama alinisindikiza hadi njia panda. Kiapo cha Fanueli kilidumu wiki moja tu. Sasa hapigi mkono, amejifunza kupiga pasipoonekana.

Wewe umepewa muda, na mimi ndiye ninayeulipia kila siku. Miaka miwili si mingi kwa mtu aliyeko Shinyanga. Nina hasira na wewe kuliko niliyo nayo kwake, maana yeye si damu yangu.

Enesi

Shinyanga
19 Juni 1977

Dada yangu,

Shikamoo. Mke wangu amejifungua salama, mtoto wa kike.

Nimeuza baiskeli na redio, na wenzangu wa ofisini wamenichangia kwa kunikopesha. Fedha ya ng'ombe wanne nimeituma posta kwa baba mdogo Osward, ampelekee Fanueli mbele ya wazee. Ukipata barua hii huenda umeshakuwa huru. Nisamehe.

Mdogo wako,
Zebedayo

Kwa Fanueli
7 Julai 1977

Mdogo wangu,

Hongera kwa mtoto. Mungu amkuze.

Fedha imefika na baba mdogo ameileta. Fanueli amekataa kuipokea. Amesema miaka miwili ni miaka miwili na sahihi ni yako wewe. Wazee wamekuna vichwa. Mwisho wamesema aliyetia sahihi ndiye awezaye kuitengua, kwa mdomo wake, mbele yao.

Basi njoo. Siku hizi treni inafika hadi Mlowo. Simama useme ulikubali bila kuniuliza mimi. Watakucheka, najua, lakini aibu hiyo ni ya asubuhi moja. Kutwa natazama njia.

Dada yako,
Enesi

Shinyanga
24 Julai 1977

Dada Enesi,

Shikamoo. Mtoto anaongezeka uzito.

Nimefikiri sana. Huu ni msimu wa chanjo na likizo yangu ni Desemba. Halafu, dada, mimi ni mtumishi wa serikali. Nikisimama mbele ya wazee wa kwetu kukana sahihi yangu, nani ataniheshimu tena? Nitakuja Krismasi, tuyamalize taratibu. Fedha ipo kwa baba mdogo, haina miguu. Ningoje kidogo tu.

Mdogo wako,
Zebedayo

Shinyanga
11 Septemba 1977

Dada Enesi,

Shikamoo. Barua hii naipitisha kwa Mwajuma, muuza vitenge wa Tunduma. Mama amenijulisha kuwa ulitoroka kwa Fanueli, ukalala kwa huyo Mwajuma usiku mmoja, kisha ukavuka mpaka na kifurushi chako, na tangu hapo hakuna ajuaye ulipo.

Nilifika Itaka mwezi uliopita, niliposikia umeondoka. Nilisimama barazani nikayasema yote, na hakuna aliyecheka. Wazee waliniuliza jambo moja tu, kwa nini sikuja Julai. Fanueli amepokea fedha na karatasi imechanwa. Uko huru, dada, na hata hilo hujui.

Nimemwomba Mwajuma ampe barua hii kila mfanyabiashara anayevuka kwenda Zambia, aulizie. Lakini ng'ombe niliowarudisha ni wa Fanueli. Wako sijalipa, na sijui nikulipie wapi.

Mdogo wako,
Zebedayo