Chai Uliyoiacha Ipoe Nanyuki

Rafiki yangu Ndirangu,

Nakuandikia Jumapili jioni, nimekaa jikoni hapa Skuta, mgongo kwa jiko la makaa, na bado nasikia baridi. Unaijua baridi ya Nyeri ya mwezi wa saba, ile inayoingia hadi ndani ya soksi. Lakini hii si hiyo. Hii ni ya woga. Nalisema wazi mapema kwa sababu wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. "Muriuki, sema bei, mteja anaondoka." Haya, bei ndiyo hii: kesho asubuhi naenda kuchukua majibu yangu hospitalini, na ninaogopa, bwana. Naogopa sana.

Wewe ndiye ningekupigia simu. Sasa uko Kianyaga chini ya udongo mwekundu wa shamba la kahawa la baba yako, na mimi nimebaki na kalamu.

Unamkumbuka Bi. Wachuka, aliyetufundisha mambo ya kuuza pale chuo cha biashara? Kila Ijumaa alitusimamisha mbele ya darasa mmoja mmoja, kila mtu aseme habari mbili, moja ya kazi na moja ya nyumbani. "Mtu asiyeweza kusimama mbele ya watu aseme habari yake," alikuwa akisema, "huyo hata kiberiti hawezi kuuza." Ukimaliza, darasa linapiga makofi. Hata kama habari yako ya nyumbani ni kwamba kuku wenu ametaga, makofi ni lazima. Wewe siku ya kwanza ulisimama ukasema, "Kazi, sina. Nyumbani, nauli ya kurudi pia sina." Tulipiga makofi mpaka mwalimu wa darasa jirani akaja kuchungulia. Kutoka hiyo siku tukakupachika jina la Manija, meneja asiye na nauli.

Na kantini je? Asubuhi za pale zilikuwa na umande wa kukata vidole, mapumziko mafupi, na yule mama mzee tuliyemwita Cucu akitumiminia chai ikiwa bado inachemka. Sisi wanaume tukaifanya mashindano. Nani atamaliza kikombe cha bati kwanza, bila kupuliza. Ukipuliza umeshindwa. Cucu alikuwa akimcheka anayengoja: "Ngojea basi. Chai ikipoa ni ya wagonjwa." Wewe ulikuwa bingwa, hakuna aliyekukaribia. Ulikuwa ukiimeza yote, macho yakitoka machozi, halafu unageuza kikombe juu chini tuone hakuna kitu. Mimi nilikuwa wa pili siku zote, na iliniuma.

Tulikunywa hivyo hata baada ya chuo, wewe na mimi, miaka yote hii. Mke wangu akiniletea chai ya vuguvugu namwambia airudishe jikoni. Nilikuwa najivunia, ona.

Halafu likaja kundi la simu. Mumbi, kiranja wetu, alitutafuta mmoja mmoja akatukusanya, akaliita Darasa la Makofi, na mtindo wa Bi. Wachuka ukafufuka. Kila Jumapili mtu mmoja anasimama. Anaandika habari moja ya kazi na moja ya nyumbani, na sisi wengine tunamimina vile vijipicha vya mikono ya manjano inayopiga makofi. Fulani amepandishwa cheo. Fulani amefungua duka. Binti ya fulani amezaa mapacha. Nilikuwa napenda, sikatai. Mtu anauza dawa za mifugo Karatina wiki nzima, anakoroga chumvi ya ng'ombe na kubishana na wakulima, halafu Jumapili anakumbuka kwamba aliwahi kuwa kijana mwenye tai.

Lakini Bi. Wachuka alitupa habari mbili tu. Mwili hakuupa nafasi.

Hiyo ndiyo inanirudisha Nanyuki, kwa Hassan wetu, yule aliyekuwa akitoka darasani Ijumaa kwenda msikitini na kutuletea kaimati kwenye gazeti. Alitualika sote kwake. Alichinja mbuzi, akasema haiwezekani mtu wa biashara ya mifugo awalishe wenzake kabichi. Tulikaa kwenye nyasi, mlima umejitoa wote bila hata wingu moja, na tukasimama kwa zamu, uso kwa uso, kama zamani. Mumbi akasema amefungua duka la pili la dobi mjini Nyeri na mtoto wake wa kwanza ameoa. Makofi. Ukasimama wewe, na ile kofia yako ya kahawia, koti limekuning'inia mabegani kama umeliazima.

"Kazi, kampuni imenipa tawi lote la Nanyuki nilisimamie. Nyumbani, Njeri ameingia chuo kikuu."

Makofi, tena marefu. Halafu mtu akaropoka, "Manija, hiyo kitambi uliuzia nani?" Tukacheka vibaya sana. "Ati alipunguza na nini? Tupe siri!" Ukatabasamu. Ukasema, "Siri ni kutembea." Ndirangu, nusu ya darasa ilianza kutembea. Mumbi alinunua viatu vya mazoezi.

Nilikuwa nimekaa kando yako. Nyama ilipokuja uliikata vipande vidogo vidogo, ukavisogeza pembeni ya sahani, ukanywa supu. Nikadhani ni presha, daktari amekukataza. Halafu ikaja chai ya tangawizi, ya moto kabisa, mvuke unapanda. Wewe, bingwa wa kantini, uliiweka chini kwenye nyasi ukaiacha. Uliiacha mpaka ikafanya ngozi juu. Mimi nilimaliza yangu nikageuza kikombe juu chini nikuonyeshe nimekushinda, na ukanipongeza.

Kabla ya Krismasi tulikuwa Kianyaga kukuzika. Mama Njeri, mke wako, alisimama pale akiwa ameshikwa na dada zake, akatuambia ilikuwa kansa ya koo. Hata yeye alikuja kujua siku za mwisho. Muda wote ulimwambia ni vidonda vya tumbo.

Baada ya mazishi kundi likaendelea, maisha ni hivyo. Namba yako iko bado. Wengine walitaka itolewe, wakasema si vizuri marehemu kukaa kati ya watu wanaocheka. Mumbi akajibu, "Mimi siwezi kubonyeza hiyo kitu. Atoe mwingine." Hakuna mwingine aliyetoa. Kwa hiyo kila Jumapili makofi yanapita mbele yako na wewe, ukiwa na kofia yako ya kahawia kwenye picha, hujibu.

Sasa nikwambie yangu. Ilianza na mukimo, vile viazi na mahindi vya kuponda. Donge moja likakaa hapa, chini ya shingo, likakataa kwenda mbele na kurudi nyuma. Nikanywa maji, likashuka. Nikajiambia ni haraka ya kula, mtu wa duka hula amesimama. Halafu ikawa mkate. Halafu ikawa hata ugali mpaka niusukume na mchuzi. Siku moja mke wangu aliniletea chai, na mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukaiweka mezani. Nikaiangalia inatoa mvuke. Nikaingoja.

Ndirangu, nilikuona. Nilikuona pale kwenye nyasi kama jana.

"Baba Wambui," mke wangu akauliza, "tangu lini unangoja chai ipoe?"

"Nimezeeka."

"Aii! Mtu anazeeka ulimi peke yake?"

Nikacheka. Naye akacheka, lakini hakuondoka haraka.

Nilimdanganya naenda Karatina. Kijana wangu wa dukani nikamwambia naenda Nairobi kuleta mzigo. Kumbe niko hospitali, nimelazwa ubavu, wananiingiza mrija wenye kamera kooni. Walikata kijinyama kidogo cha kupeleka kupimwa. Daktari alikuwa kijana mpole, wa umri wa binti yetu Wambui.

"Mzee, unapenda chai moto sana?"

"Mimi ni mtu wa Nyeri," nikamwambia.

Hakucheka. Aliandika kitu.

"Leo umekuja na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Siku ya majibu njoo na mtu."

Neno hilo limeninyima usingizi tangu siku hiyo. Njoo na mtu. Kwa nini? Habari njema inahitaji mtu wa kuishika upande wa pili? Nikiwa dukani nauza dawa ya kupe, nalisikia. Nikiwa kanisani wanaimba, nalisikia. Naweka mkono shingoni kila saa, natafuta uvimbe, na nikikosa naogopa zaidi, kwa sababu basi uko ndani nisikoufikia.

Na kuna woga mwingine, huu wewe utauelewa kuliko mtu yeyote. Naogopa kuwa bango. Unajua tunavyofanya: mtu akisema ni mgonjwa, kabla hajamaliza sentensi ameshaundiwa kundi la Marafiki wa Fulani, picha yake ya harusi imekatwa imewekwa juu, namba ya kuchangia chini, na binamu asiyemjua anaandika amina. Watu wanaanza kukusalimia wakiwa wameinamisha kichwa upande. Nafikiri ndiyo sababu ulisema siri ni kutembea. Ulitaka kubaki Manija hata kwa siku chache. Nilikuwa nimekukasirikia kwa hilo, kwa kumficha mama wa watoto wako. Siku hizi hasira zote zimekwisha.

Leo ilikuwa zamu yangu kusimama.

Nilitoka kanisani, nikakaa kwenye gari nje ya nyumba. Nikaandika kama kawaida. Kazi, duka la Karatina nimeliongeza mlango wa pili. Nyumbani, Wambui wetu wamekuja kumposa. Zote ni kweli, na zote ni nzuri, na kidole changu kilikuwa tayari. Nikaona makofi yanavyokuja, safu kwa safu, na jina lako pale kimya kati yao. Moyo ulinigonga nikadhani ndio huo ugonjwa umeshuka. Nikaongeza ya tatu, ambayo Bi. Wachuka hakutufundisha.

"Mwili. Chakula kinanikwama kooni kama Manija. Kesho nachukua majibu. Naogopa."

Nikatuma kabla sijajishika.

Hakuna aliyepiga makofi. Nikaona Mumbi anaandika, akaacha, akaandika tena, akaacha. Hassan vivyo hivyo. Nikajua wamenisoma wote, na kila mmoja huko aliko ameshika kichwa, anakumbuka ile sahani yako. Nikataka kufuta, niseme ni utani, nimeshikwa na homa tu.

Halafu simu ikalia tii, ujumbe umeingia, na juu yake jina lako. Ndirangu Manija. Kofia ya kahawia.

Nilipiga ukelele, sikufichi. Niliiangusha simu chini ya kiti nikaomba Mungu. Nilipoiokota nikasoma:

"Muriuki, ni mimi Mama Njeri. Simu yake ninaichaji kila siku, na mimi huwasoma. Yeye alikuwa anaenda peke yake, na kurudi peke yake, na kukaa hapa kando yangu peke yake. Wewe usiende hivyo. Kesho asubuhi nitakuwa kwenu Skuta, twende. Na leo, tafadhali, ambia mke wako."

Niliingia ndani, nikampa mke wangu simu. Niliona bora asome. Alisoma amesimama. Akaketi. Akasoma tena, kidole kikifuata maneno. Nilingoja kilio, nilingoja hata matusi, kwa sababu ya ile Karatina ya uongo.

"Nilikuwa nangoja uniambie," akasema. "Tangu hiyo siku ya chai." Halafu akaweka uso wake shingoni mwangu, pale pale panaponitisha, akalia, nikalia naye.

Hassan amepiga simu baadaye. Aliniambia tu bei ya mbuzi imepanda na akakaa kwenye laini. Mumbi ameandika neno moja, "Tupo," na mpaka sasa sijaona bango.

Bado naogopa, Ndirangu. Usidhani nimekuwa shujaa kati ya Jumapili mchana na Jumapili jioni. Sitaki kuja huko uliko. Nataka kumpeleka Wambui kanisani kwa mkono wangu, nataka kuzeeka nikilalamikia bei ya chakula cha kuku. Ukiwa na mtu yeyote wa kuzungumza naye huko, mwambie hivyo.

Mama Wambui ameshalala. Ameweka saa yake ya kuamsha mapema kuliko siku zote. Nilimuuliza ya nini, hospitali inafunguliwa saa mbili. Akasema Mama Njeri anatoka mbali na baridi hii, hawezi kuondoka bila kunywa kitu, kwa hivyo ataamka akiwa bado gizani aipike chai na kuimimina vikombe vitatu, ipate kupoa kabla hajafika.

Pumzika, Manija. Namba yako hatuitoi.

Ni mimi wa pili wako wa kantini,
Muriuki