Abiria wa Katikati

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, manyunyu yasiyo na kelele, na baridi ya huku milimani inayoingia mpaka kwenye meno.

Nimekaa kitandani na suruali ile ile, tope limenikaukia magotini. Mgongo unauma pale pale unapouma siku zote, tangu nilipokuwa nabeba magunia mpakani Tunduma. Nilitaka nilale moja kwa moja. Kichwa kimekataa, kwa hiyo naandika.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni bodaboda wa geti la chini la chuo, upande huu wa Vwawa. Kwetu ni Urambo, Tabora, na kijiweni hilo ndilo jina langu, Urambo. Shule niliachia kidato cha pili. Pikipiki si yangu, ni ya tajiri mwenye duka la vipuri, na kila jioni nampelekea hesabu yake kabla sijajua mimi nitakula nini.

Kila muhula wanafunzi wapya wananiuliza namna ya kufika madarasani bila kumaliza pesa. Nawaambia ukweli, hata kama unaniharibia biashara. Ukitoka Tunduma panda haisi, ushuke njia panda. Mwanafunzi analipa nusu akionyesha kitambulisho, na konda atanuna, mwache anune. Kutoka njia panda mpaka getini kuna bajaji, mia tano, ila haiondoki mpaka ijae. Kutoka getini kwenda juu, kwenye mabweni na zahanati, bajaji hazipandi. Mlima ule ni udongo mwekundu, mvua ikinyesha unakuwa sabuni. Hapo ni sisi wa pikipiki, buku, yaani elfu moja, siku ya jua, buku jero, elfu moja na mia tano, siku ya tope. Au miguu yako, bure, kama una mapafu.

Zamani wanafunzi walikuwa wanapanda wawili wawili ili wagawane nauli. Mshikaki. Binti mmoja akavunjika mguu, chuo kikapiga marufuku. Sasa kila boda anayeruhusiwa kuingia ana kizibao cha kung'aa chenye namba. Ukikamatwa na mshikaki, mlinzi anakivua kizibao, na bila kizibao huvuki geti.

Hiyo ndiyo sheria ya chuo. Sasa niseme sheria nyingine.

Mke wangu Esta ni Mnamwanga, kwao ni Chitete. Nilipompata hapa ugenini nilidhani kazi ngumu itakuwa mahari. Sivyo. Kazi ngumu ni mama yake. Kwa desturi yao, mwanamume aliyeoa hamkaribii mama mkwe. Hamwangalii usoni, haongei naye, hali naye. Mkikutana njiani mmoja anageukia pembeni. Inakuwa hivyo mpaka ukoo ukuandalie siku, upikiwe, uambiwe rasmi kwamba sasa ingia ndani, wewe ni wa hapa. Wengine inawachukua mwaka. Mimi ni mwaka wa tatu.

Wenye kusema wanasema mzee wa kike hajanikubali. Mtu wa kuja, hana hata shangazi wa kumsemea, kesho atapakia nguo zake kwenye basi na kumwacha mtoto wetu. Sijawahi kumsikia akisema hivyo mwenyewe. Lakini mpaka leo nilikuwa sijawahi kumsikia akisema chochote.

Leo saa nne asubuhi Esta alinipigia simu kutoka sokoni Tunduma, analia. Mdogo wake Wema, anayesoma hapa chuoni mwaka wa kwanza, ameshikwa na tumbo usiku, wamempeleka zahanati ya juu. Muuguzi anasema ni kidole tumbo, lazima apasuliwe hospitali. Gari la chuo linatafutiwa mafuta, likipata linaondoka naye. Wema hataki kupanda gari, anamtaka mama yake. Na mama alikuwa Vwawa mjini kwa ndugu, ameshaambiwa, anakuja.

Niliuliza anakuja na nini. Esta akasema na bajaji.

Nikaelewa kabla hajamaliza. Bajaji inaishia kwetu.

Nilitazama nyuma yangu. Kijiwe kilikuwa kitupu. Mvua ilikuwa imewapandisha wenzangu wote juu na abiria, na kwa tope lile kwenda na kurudi si jambo la dakika mbili. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, na wa mwisho. Gari la chuo nalo halipitii huku, linatokea geti la juu, barabara ya hospitali. Kwa hiyo kumwambia mama asubiri pale chini ingekuwa kumwambia asimwone mtoto.

Naandika kwa ukweli: nilifikiria kuondoka. Niwashe pikipiki, niende njia panda, nijifanye nina abiria. Niliishia kuteremsha kioo cha helmeti mpaka kidevuni, nikakaa juu ya pikipiki kama mtu asiye na jina.

Bajaji ikaja. Akashuka mwenyewe, na mwavuli uliovunjika mbavu, kitenge kimeloa, kikapu mkononi. Hakuuliza nauli. Alikuja moja kwa moja, akasema, "Baba, nipeleke zahanati, mbio," kisha akanishika bega ili apande.

Niliruka.

Sikupanga kuruka. Mwili uliruka wenyewe kama umeguswa na waya wa umeme. Pikipiki ikalala upande wa kulia, mimi nikaangukia upande wa kushoto, na yule mama akabaki amesimama na mkono hewani.

Mlinzi wa geti, Mzee Silwamba, alitoka kibandani na kikombe chake cha chai. "We Urambo! Tangu lini boda anamkimbia abiria?"

Hapo ndipo mama alipojua. Hakuna dereva duniani anayekimbia nauli, isipokuwa dereva mmoja. Alivuta kitenge akajifunika uso, akageukia ukuta wa geti. Mimi nikageukia barabara. Tukasimama hivyo mvuani, migongo ikitazamana, na mtoto wake anaumwa juu ya mlima.

Mzee Silwamba naye ni Mnamwanga. Alitutazama, akaacha kucheka. "Ni mama mkwe?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hamjaingizana?"

"Bado."

"Aisee." Akamwaga chai yote chini. "Aisee, Urambo."

Mama alianza kutembea. Ana goti bovu, Esta ameniambia mara nyingi. Alipanda hatua chache, kandambili ikabaki kwenye tope, akainama kuitafuta. Sitasahau alivyoinama. Nilitaka kwenda kumshika mkono, na nilijua nikimshika nitakuwa nimemwaibisha mbele ya mtu wa kabila lake. Nikainua pikipiki, nikabaki nimeshika usukani, mtu mzima na nguvu zake zote, sina kazi.

Ndipo akaja binti mmoja mwanafunzi, amefunika kichwa kwa mfuko wa nailoni. Nimeshambeba mara kadhaa, anaitwa Zuhura, wa Tanga, mdomo wake haupumziki. "Kaka Urambo, nipandishe, nina jaribio! Na bei ya jua tafadhali, mvua sikuileta mie."

Nikamtazama. Nikaitazama siti. Nikamtazama mama na kandambili yake.

Nikamwambia Zuhura akae katikati.

"Katikati ya nini?"

"Ya mimi na yule mama."

"Mshikaki? Si mmekatazwa nyie?"

Mzee Silwamba alisikia. Alikuja akasimama mbele ya tairi. "Kijana, ukipita hapa na wawili nakuvua kizibao. Wakubwa wanaona kutoka ofisini, mimi nina watoto."

"Najua, mzee."

"Hata kama ni mkwe."

"Najua."

Nikakivua mwenyewe, nikampa. Alikipokea, akakikunja vizuri kama shati la kanisani. Kisha akamwendea mama, akamsemesha kwa Kinamwanga, maneno mengi ya taratibu. Sikuyaelewa. Mama akarudi, uso bado umefunikwa, akapanda nyuma ya Zuhura, akakaa upande. Kikapu akamkabidhi Zuhura.

Mzee Silwamba akatufungulia geti kwa safari hiyo moja, tukapanda mlima. Gia ya kwanza, miguu yangu yote chini, pikipiki inateleza kama samaki. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama mkwe wangu, mara ya kwanza akisema huku akijua ni mimi.

"Binti, mwambie apunguze mwendo."

"Anasema upunguze mwendo," Zuhura akanipigia kelele sikioni.

"Mwambie nikipunguza tutarudi nyuma."

"Anasema akipunguza tutarudi nyuma. Lakini kwani hamsikiani? Mbona wote mnaongea Kiswahili?"

Tukafika pale kwenye kona mbaya, tairi la nyuma likakimbia, nikalirudisha. Mama akasema, "Mwambie anajua kuendesha."

"Anasema unajua kuendesha. Mimi nasema tunakufa."

Nilicheka ndani ya helmeti. Sijui kama mama alicheka. Siti ilitikisika, inaweza kuwa ni mashimo.

Gari la chuo lilikuwa linaunguruma mbele ya zahanati, mlango wa nyuma wazi. Wema alikuwa amekalishwa kwenye benchi, amejikunja, anatikisa kichwa kumkatalia muuguzi. Alipomwona mama yake aliacha kukataa. Ndivyo tu. Alinyoosha mikono kama mtoto anayetaka kubebwa, na muuguzi akashusha pumzi.

Mimi nilibaki kwenye pikipiki, nimegeuza uso kama inavyotakiwa.

Sasa nieleze kitu ambacho labda wasomi hawakifikirii. Nauli ni kitu kizuri kwa watu wasiojuana. Unanipa, nakufikisha, tumemalizana, hakuna anayemdai mwenzake hata salamu. Kutwa nzima namalizana na watu. Kuna siku nafika nyumbani nimemalizana na watu wengi mpaka najiona kama kitu kilichotumika. Mtu akiwa wako ndiyo hamalizani na wewe.

Kwa hiyo nilipomsikia mama anafungua fundo la kitenge kutafuta pesa, moyo ulishuka. Nilisema moyoni, haya, analipa. Mimi ni boda, yeye ni abiria. Asante, kwaheri.

Akatoa noti akampa Zuhura. Akasema kwa sauti ya kutosha, siyo ya kumsemea binti, "Hii ni nauli yako wewe, mpe mwenye pikipiki. Umenisaidia, usilipe mwenyewe."

Zuhura akauliza, "Na ya kwako, mama?"

"Mimi nalipaje? Nimepandishwa na mwanangu."

Akaingia kwenye gari, wakafunga mlango, wakaondoka.

Zuhura akanikabidhi noti, akaniangalia kwenye kioo cha helmeti. Kisha akakumbuka jaribio lake akakimbia.

Jioni Esta alipiga. Wema amepasuliwa, amelala, mama yuko naye. Nilimuuliza kama mama amesema lolote kuhusu safari. Akasema amesema mvua ilikuwa kubwa.

Kizibao kitakaa kwa Mzee Silwamba wiki nzima, ndiyo adhabu yake. Wiki nzima nitabeba watu wa lami, njia panda, ambako boda ni wengi kuliko abiria. Hesabu ya tajiri leo imepungua na kesho itapungua zaidi, na tajiri hajui habari za mkwe wala za mlima. Sijui nitamwambia nini.

Ukoo haujapanga siku. Desturi iko pale pale, na nikikutana na mama hospitalini nitapita upande wa pili wa uzio. Sioni vibaya. Heshima yao siyo kero yangu tena, nadhani leo nimeielewa kidogo: walikuwa hawanifukuzi, walikuwa wananisubiri.

Au najidanganya? Inawezekana. Mtu aliye mbali na kwao huokota neno dogo akalifanya nyumba.

Lakini tangu nitoke Urambo hakuna aliyeniita mwanangu bila kutaka nimbebee kitu. Ngoja nilale na neno hilo kabla halijapoa.

Tajiri nitamkabili kesho.